Twende Ziwani Mwezi Gani?

Mpitimbi ni mahali pa wakulima. Iko katika wilaya ya Songea, mkoa wa Ruvuma. Watu wa hapa wanajua mwezi wa kupanda mahindi, mwezi wa kupalilia na mwezi wa kuvuna. Hata mtoto wa darasa la tatu ukimwuliza atakuambia.

Lakini waulize mwezi wa kwenda kupumzika. Hapo wengi watacheka. "Mkulima hupumzika lini?" watakuuliza.

Kikundi kimoja cha akina mama wa Mpitimbi hakikucheka. Akina mama hao ni kumi na wawili. Kila wiki wanaweka akiba pamoja. Mwaka juzi waliamua kutenga sehemu ndogo ya akiba hiyo ili waende na watoto wao kuliona Ziwa Nyasa. Wengi wao walikuwa hawajaliona hata siku moja, ingawa limo katika mkoa wao wenyewe. Mimi ninayeandika habari hii nilikwenda nao. Walinichukua kwa sababu nilisema kwamba naijua njia. Ni kweli, njia niliijua. Mwezi sikuujua.

TULIKWENDA JULAI

Tulichagua mwanzo wa Julai. Tulidhani tuna akili sana. Mvua ilikuwa imekwisha. Mahindi yalikuwa yameanza kuingia nyumbani. Watoto walikuwa bado katika likizo. Tena Mpitimbi ilikuwa baridi, na kila mtu alisema kule ziwani kuna joto.

Hilo la joto lina ukweli. Sehemu kubwa ya nchi ya Songea iko juu, yapata mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko chini, chini ya mita 500. Mahali pa chini pana joto kuliko mahali pa juu. Mtu akitoka Songea kwenda Mbinga anapanda milima ya Umatengo. Anaona mashamba ya kahawa, na ile mitaro na mashimo ya ngoro ambayo Wamatengo hulima ili udongo usichukuliwe na maji. Kutoka Mbinga barabara inateremka na kuteremka mpaka Mbamba Bay. Zamani mteremko huo ulikuwa wa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Siku hizi ni lami.

Tulipoliona ziwa kutoka juu, akina mama walipiga vigelegele ndani ya gari. Mtoto mmoja aliuliza ng'ambo iko wapi. Ng'ambo haikuonekana.

Tuliposhuka garini, upepo ulitupokea. Kitenge cha mama mmoja kilipeperushwa kikaenda kunasa katika mti. Ziwa lilikuwa na povu jeupe kila mahali. Mawimbi yalipiga mchanga kwa kishindo kama mtu anayetwanga. Mitumbwi yote ilikuwa imevutwa juu, mbali na maji. Tulipika ugali pale pwani, nao ukaingia mchanga. Watoto waliula hivyohivyo, lakini mimi jino langu moja mpaka leo linakumbuka.

Akina mama walitaka kupanda mashua waone visiwa. Mwenye mashua wa kwanza alikataa. Wa pili, kijana, alikubali. Alitaka bei mara mbili. Tulianza kuhesabu fedha. Watoto wawili walikwisha kuingia ndani ya mashua wakakaa.

Ndipo mzee mmoja mvuvi alipokuja. Hakumsemesha yule kijana. Aliwashika wale watoto mikono, akawatoa mmoja mmoja, akawaweka mchangani. Kisha akatuambia, "Mama zangu, fedha hizo zirudisheni mfukoni. Huu ni mwera. Mwera haupokei nauli."

Upepo ulivuma siku tatu. Siku ya nne asubuhi ziwa lilianza kutulia, lakini fedha yetu ilikuwa imekwisha na gari lilikuwa linatusubiri. Tulirudi Mpitimbi. Jirani walipotuuliza tumeona nini, mama mmoja alijibu, "Tumeona upepo."

MWERA NI NINI?

Mwera ni upepo wa Ziwa Nyasa unaotoka upande wa kusini na kusini-mashariki. Huvuma zaidi kuanzia Mei mpaka Agosti. Miezi mibaya ni Juni, Julai na Agosti. Hauvumi kila siku. Huja, ukakaa siku mbili au tatu au zaidi, kisha ukapumzika. Mgeni akifika siku ya mapumziko atasema ziwa ni zuri na wavuvi ni waoga. Akikaa siku moja zaidi ataona.

Kwa nini unavuma miezi hiyo? Mwezi Juni na Julai jua huwa limeelekea kaskazini. Nchi za kusini mwa Afrika zinakuwa na baridi kali. Hewa ya baridi ni nzito. Hutoka kusini ikaenda kaskazini kwenye joto. Mwendo huo wa hewa ndio upepo. Baridi unayoiona Mpitimbi mwezi Julai na mawimbi ya Mbamba Bay ni ndugu wa baba mmoja.

Sasa tazama ramani ya ziwa lenyewe. Ziwa Nyasa ni refu na jembamba. Urefu wake unazidi kilomita 550. Upana wake mahali papana zaidi ni kama kilomita 75 tu. Limelala kutoka kusini kwenda kaskazini, na sehemu nyingi lina milima kandokando. Upepo wa kusini ukiingia humo unapata njia iliyonyooka kama barabara. Hakuna cha kuuzuia. Na upepo ukisafiri mbali juu ya maji bila kuzuiwa, mawimbi yanazidi kukua. Kwa hiyo upepo ambao Mpitimbi ungetikisa migomba tu, ziwani unaweza kuzamisha mashua.

Hauzamishi mashua peke yake. Tarehe 30 Julai, 1946, meli ya abiria iliyoitwa Vipya ilizama katika ziwa hili, upande wa magharibi, katika nchi ambayo sasa ni Malawi. Ilikuwa meli mpya ya chuma. Watu wapatao 145 walikufa. Angalia mwezi: Julai. Niliijua habari hii baada ya kurudi kutoka safari yetu, si kabla. Usiku huo sikulala vizuri. Niliwafikiria wale watoto wawili waliokwisha kukaa ndani ya mashua.

Si kusema kwamba Julai mtu haruhusiwi kwenda Mbamba Bay. Anaweza kwenda, akakaa nchi kavu, akatazama mawimbi, akala samaki, akarudi. Lakini kama shabaha yake ni kuoga na kupanda mashua na watoto, Julai ni mwezi wa kubahatisha.

MVUA JE?

Mwaka huu kikundi kiliamua kwenda tena. Safari hii hawakuniuliza mimi. Walikutana chini ya mwembe wa mwenyekiti wao, wakatundika kalenda kwenye shina la mti, wakaanza kufuta mwezi mmoja mmoja.

Walianza na miezi ya mvua. Mkoa wa Ruvuma una msimu mmoja wa mvua. Huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Wakati huo joto la ziwani ni kubwa na maji ni ya uvuguvugu. Mwera haupo. Lakini kuna dhoruba. Wingu jeusi linatokea juu ya milima, upepo unakuja kwa ghafula pamoja na radi na mvua, na baada ya saa moja jua linawaka tena. Dhoruba ya namna hiyo haitoi taarifa ya siku mbili kama mwera. Mito nayo huleta maji ya matope ziwani. Mbu wanazaliana kwa wingi. Tena kuna wale vijidudu vidogo vinavyotoka ziwani kwa makundi makubwa. Kwa mbali utadhani ni moshi unapanda kutoka majini. Havidhuru, lakini huingia machoni, puani na ndani ya chai.

Hata hivyo jambo lililowafanya akina mama wafute miezi hiyo upesi halikuwa mbu wala dhoruba. Lilikuwa jembe. Novemba na Desemba ni kupanda. Januari na Februari ni kupalilia na kuweka mbolea. Machi na Aprili ghala ni tupu, na mtu mwenye ghala tupu haendi kuoga ziwani. Mama mmoja alifuta miezi hiyo sita kwa mstari mmoja wa mkaa. Mei alimwongezea mwingine.

Zikabaki Juni, Julai, Agosti, Septemba na Oktoba. Julai ilifutwa bila maneno. Mweka hazina alinitazama wakati inafutwa.

FEDHA YA MBOLEA

Juni ina mwera, tena ndiyo mavuno. Agosti watu wa Mpitimbi wanapukuchua na kuuza. Aliyekwisha kuuza ana fedha, au ana ahadi ya fedha, na hivi viwili si kitu kimoja. Oktoba ziwa ni tulivu sana. Hapo mjadala ulianza hasa.

Waliotaka Oktoba walikuwa na sababu nzuri. Mwera umekwisha. Mvua haijaanza. Maji ya ziwa yamepungua. Ziwa Nyasa hujaa mwisho wa mvua, mwezi wa Aprili au Mei, kisha hupungua polepole mpaka Novemba au Desemba. Tofauti ya juu na chini ni kama mita moja katika mwaka wa kawaida. Mita moja ni kidogo kwa kina, lakini pwani ya mchanga inapoteremka taratibu, mita hiyo moja inaacha uwanja mpana wa mchanga ambao mwezi Mei ulikuwa chini ya maji. Watoto wanapata mahali pa kukimbia. Na maji yenyewe yamekwisha kupata joto tena.

Waliokataa Oktoba walikuwa na sababu moja tu. Oktoba ni mwezi wa kuandaa mashamba na kununua mbolea. Mama mmoja mwenye umri mkubwa alisema hivi: "Safari ya Julai ilikula akiba yetu. Safari ya Oktoba itakula mbolea yetu. Mbolea ikiliwa Oktoba, sisi tutalia Machi."

Hakuna aliyemjibu haraka. Kila mmoja alijua shamba la mahindi lisilo na mbolea linavyokuwa. Majani yanakuwa ya njano na bua linakuwa jembamba kama kidole.

Basi walikubaliana mambo mawili. Kwanza, fedha ya mbolea ya kila mama itolewe kabla ya safari, baada tu ya kuuza mahindi, na iwekwe mbali na fedha ya safari. Ambaye hajaiweka haendi. Pili, safari iwe Septemba, katika nusu ya pili ya mwezi. Siku hizi mara nyingi shule hufungwa kwa likizo fupi katika Septemba. Tarehe hubadilika mwaka hata mwaka, kwa hiyo walimtuma mmoja wao kwa mwalimu mkuu kuiuliza.

Maoni yangu ni kwamba walichagua vizuri. Septemba mwera unapungua nguvu, ingawa unaweza kurudi kwa siku moja au mbili. Kwa mtu asiye na shamba, kama vile mfanyakazi wa mjini, ningemwambia aende Oktoba. Lakini kalenda ya mkulima ina safu mbili, ya ziwa na ya shamba, na Septemba ndipo safu hizo zinapokutana.

MWEZI WA ANGANI NAO

Ulitokea ubishi mwingine uliowachekesha watu. Waende mwezi mpevu au wakati wa giza?

Wanaopenda mbalamwezi wanasema pwani usiku inakuwa nyeupe, watoto wanacheza mpaka wachoke. Lakini wavuvi wa dagaa hutega usiku wa giza. Huwasha taa juu ya maji, na dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali, mwanga wa taa haufui dafu na samaki hawakusanyiki. Kwa hiyo anayetaka kurudi Mpitimbi na dagaa wa bei nafuu aende usiku wa giza. Usiku huo ataona pia taa za wavuvi zimepangana mbali ziwani kama mji. Mwenyekiti alisema hii ni safari, si biashara. Mweka hazina alisema gunia moja la dagaa litarudisha nauli ya watu wengi. Mweka hazina alishinda.

JIHADHARI NA MAJI YENYEWE

Mwezi mzuri hauondoi hatari zote. Bibi Afya alialikwa kwenye mkutano, akasema maneno machache.

Ziwa Nyasa ni la maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Maji ya namna hiyo yanaweza kuwa na konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho. Konokono hao hupenda mahali penye maji yaliyotulia na majani. Usioge penye matete wala karibu na mahali watu wanapojisaidia. Oga penye mchanga safi na mawimbi madogo. Ukitoka, jifute mwili mara moja. Lakini kujifuta si kinga kamili. Baada ya wiki sita mpaka nane nenda ukapimwe, hata kama huna maumivu. Dawa ya kichocho ipo na hutibu vizuri.

Mwera ukitulia, mito haibadiliki. Midomo ya mito ni mahali pa mamba na viboko. Waulize wenyeji, nao watakuonyesha mahali pao pa kuoga. Wao wanaoga hapo kila siku kwa sababu.

Halafu kuna kina. Ziwa hili ni mojawapo ya maziwa yenye kina kirefu kuliko yote duniani. Mahali penye kina zaidi hufika kama mita 700. Karibu na pwani mara nyingine mchanga hukatika ghafula. Watoto wa Mpitimbi wamezoea mito ambayo mwezi wa Septemba inafika magotini. Hawajui kuogelea. Wasiende kupita kiuno, na mtu mzima mmoja asimame upande wa maji mengi, akiwaelekea watoto. Asiye na jaketi la kuokolea maisha asipande mashua. Chandarua cha mbu nacho kiwe ndani ya mzigo, kwa sababu mbu wa ziwani hawana likizo.

ANAYETAKA BAHARI

Vijana wawili wa Mpitimbi waliosikia habari hizi walisema wao wanataka bahari ya chumvi. Barabara ya lami ipo. Inatoka Songea, inapita Namtumbo, Tunduru na Masasi mpaka Mtwara. Ni safari ya zaidi ya kilomita 600, kwa hiyo nauli yake si ya kubahatisha mwezi.

Bahari ina pepo mbili kubwa. Kusi hutoka kusini, kuanzia kama Aprili au Mei hadi Septemba. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, kuanzia kama Desemba hadi Machi. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Nahodha aliyechelewa kuondoka alikaa pwani akisubiri mwaka wa pili. Kati ya kusi na kaskazi pepo zinapobadilishana kuna kipindi cha maleleji. Oktoba na Novemba upepo unakuwa mdogo na maji yanatulia. Mtwara, kama Ruvuma, mvua nyingi hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo kijana wa Mpitimbi anayetaka bahari tulivu bila mvua naye anaangukia Septemba mwishoni na Oktoba.

Lakini bahari ina jambo ambalo ziwa halina. Maji hujaa na kupwa, mara mbili mbili katika mchana na usiku wake. Wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu hutokea bamvua. Maji hujaa sana, kisha hupwa mbali sana, na mahali pengine mgeni huona matope na mawe badala ya bahari. Saa za kujaa husogea mbele karibu dakika hamsini kila siku. Ukifika, mwulize mvuvi, "Maji yanajaa saa ngapi leo?" Kwa swali hilo atajua kwamba wewe si mjinga, ingawa umetoka bara.

Na wale watalii wanaokwenda Zanzibar kwa ndege? Wengi huja Juni mpaka Oktoba, na tena Desemba mpaka Februari. Aprili na Mei ni masika ya kule. Hoteli hupunguza bei na nyingine hufungwa kabisa. Bei ikishuka ghafula, uliza mvua.

SAFARI YA SEPTEMBA

Mpaka naandika habari hii akina mama saba kati ya kumi na wawili wameweka fedha ya mbolea. Watano bado hawajauza mahindi. Gari halijakodiwa, kwa sababu mweka hazina amekataa kutoa hata shilingi moja kabla ya tarehe ya shule kujulikana.

Namba ya simu ya yule mzee mvuvi tunayo. Alitupa mwenyewe siku ile, akasema tusitoke Mpitimbi kabla ya kumpigia. Wiki iliyopita mwenyekiti alimpigia. Mzee alisema mwera bado unavuma, lakini sasa unakuja kwa siku moja na kuondoka. Kisha akauliza kama wale watoto wawili watakuja tena. Aliambiwa watakuja. Akasema atawatafutia majaketi yanayowatosha.

Limebaki shauri moja ambalo halijapatiwa ufumbuzi. Akina mama wote kumi na wawili wakiondoka siku nne, nani atawafungia mbuzi na kuku? Waume zao wamesema watafanya. Akina mama wameahirisha suala hilo mpaka mkutano ujao.